Kitambi cha Upande Mmoja

Iko siku moja ambayo hunijia kila nikijilaza mchana hapa Kanamkemer, jua la Lodwar likiwa limekaa juu ya bati kama mgeni aliyekataa kwenda kwao. Nakumbuka upepo wa Kakuma siku hiyo ulikuwa umenyamaza. Vumbi lilisimama hewani bila kuanguka, na mimi, kijana wa miaka ishirini na kitu, nilikuwa nimelala mkekani nyuma ya duka langu nikisikia maji. Si maji ya mfereji. Mfereji wa Kakuma mchana hauongei. Yalikuwa maji ya ndani. Nikigeuka ubavu, nayo yanageuka nami, polepole, kama mtoto anayejivutia blanketi. Nikadhani naota Longech, kule ziwani nilikozaliwa. Kumbe, mwanangu, sikuwa naota.

Nakuandikia haya kwa sababu Jumapili, tulipotoka kanisani, nilikusikia pale kwenye kibanda cha chai ukiwaambia wenzako kwamba wewe hospitali huijui, na kwamba ndivyo ulivyoweza kununua pikipiki. Wakacheka, wakakupigia makofi. Na pikipiki yenyewe unaibadilishia oili hata kabla haijalia! Mimi niliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Nilikuwa natafuta pa kuuweka uso, maana maneno hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa, na niliyasema vizuri kukushinda.

Kwanza unijue nilivyokuwa, kwa sababu nyinyi mnaoniita mzee mnadhani nilizaliwa hivi. Mtu wetu, mfugaji, anatakiwa awe mtu wa miguu. Anaamka huku, analala kule, na kesho ukimuuliza amelala wapi anakuonyesha mlima kwa kidevu. Mimi hilo lilinipita. Napenda nyumba. Napenda ukuta wangu, kikombe changu, kivuli kinachojua saa ya kunifikia. Baba alinipeleka shule kwa sababu, alivyosema mwenyewe, badala ya mimi kuwapoteza mbuzi, mbuzi walikuwa wananipoteza mimi. Nikamaliza Form Four hapa Lodwar, nikapata kiduka Kakuma mjini, cha unga na sukari na majani ya chai, nikaketi. Niliketi vizuri sana. Kungekuwa na mtihani wa kuketi, leo ungeniita profesa.

Katika kuketi huko nilikuwa na jambo moja moyoni. Nilikuwa na mbuzi Lokitaung, kwa shangazi yangu Arupe, wanaongojea kuwa mahari. Kila shilingi iliyotaka kwenda hospitali niliikamata njiani ikaenda kuwa mbuzi. Nikipata homa, nilimeza vidonge alivyobakisha jirani. Kikohozi kikija, tangawizi. Jino likiuma, nilitafunia upande wa pili. Dispensari ilikuwa karibu kiasi kwamba ukipiga chafya nesi anakuombea afya, na sikuwahi kuikanyaga. Nilijivunia hilo kuliko cheti changu cha shule.

Usafi nao niliufanya wa bei nafuu. Maji yalikuja kwa mtungi, baada ya foleni, na mimi na foleni hatupatani. Nilikuwa na mbwa, jina lake Bosi. Nikimaliza kula, namwekea Bosi sufuria chini. Bosi analamba mpaka unaona uso wako mle ndani. Napitisha kitambaa, kesho napikia tena. Wateja nilikuwa nikiwaambia kwamba wazungu wana mashine ya kuosha vyombo, na mimi ninayo, tena yangu inabweka.

Cheka, lakini usinicheke sana. Kwetu mbwa alikuwa mtu wa boma. Alilala tulipolala. Alitulamba uso na makalio kabla hatujajua kutembea, na mama zetu wakamshukuru, kwa sababu kisima kilikuwa mbali na ulimi ulikuwa karibu. Hakuna aliyeona neno.

Basi tumbo likaanza kukua.

Katika watu warefu wembamba kama sisi, kitambi siku zile kilikuwa kama gari. Watu walianza kunisalimu kwa mikono miwili. Vijana waliokuja kununua sigara wakaniita mdosi. Wengine wakaniita diwani, wakaniomba kazi za barabara ambayo haikuwepo. Kwenye harusi nilipewa kiti cha plastiki chenye mikono, na wazee wa kweli wakiwa wamekalia ekicholong, vile vigoda vyao vya kubebwa mkononi. Nami nilikiweka kitambi mbele yangu vizuri, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenye nyumba.

Karibu na duka alikaa fundi cherehani mmoja, Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo. Nilimpelekea kitambaa anishonee suruali ya kwendea ukweni.

"Simama sawa, kaka," akaniambia, tepu mkononi.

"Nimesimama."

"Hapana, umeinama. Upande ya kuume inakula kitambaa kuliko upande ya kushoto."

"Tepu yako imezeeka, Mama Furaha."

"Tepu yangu nilikimbia vita nayo, haijazeeka." Akapima tena, akatingisha kichwa, akacheka. "Haya. Nitaongeza kitambaa. Tumbo ya tajiri inaenda kwenye inataka."

Suruali ikashonwa, kulia pana kuliko kushoto, na mimi nikaivaa kwa raha zangu. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuambiwa jambo na suruali yake mwenyewe na bado asisikie.

Baadaye chakula kikaanza kunikinaisha. Nikila vijiko viwili vitatu, nimeshiba. Unadhani niliogopa? Nilifurahi. Unga unabaki dukani! Kisha pumzi ikawa fupi, nikasema ni joto. Kisha nikawa siwezi kulalia upande wa kulia, nikasema mkeka umechakaa. Mchana wote nililala nusu macho, mlango wa duka wazi, na ule mwanga mweupe wa Kakuma ukiingia na kutoka. Nikiona ziwa. Nikiona samaki wakipita taratibu chini ya mbavu zangu. Wateja walikuja, wakajipimia sukari wenyewe, wakaacha pesa juu ya mizani, wakaondoka kwa kunyatia. Walidhani tajiri amepumzika.

Maumivu yalipoanza kweli, palitokea mtu mmoja wa sokoni, mtumbuaji wa majipu ya ngamia. Alinigonga tumbo kwa vidole, akaweka sikio.

"Haya ni maji tu," akasema. "Napasha sindano yangu, natoboa mara moja, yanatoka, unarudi kuuza. Unipe unga na sukari kidogo."

Mwanangu, niliona nimeokota. Tiba inayokuja yenyewe mpaka mkekani! Hakuna lori, hakuna foleni, hakuna mtu wa kuniuliza jina la babu yangu kwenye dirisha. Nikamwambia aje kesho asubuhi.

Jioni ileile, jua likiwa bado halijaamua kuondoka, shangazi Arupe akafika. Alikuwa ametoka Lokitaung kwa lori kupitia Lodwar, na mbuzi mmoja wa kwangu amemshika kamba, eti nione jinsi mahari yangu yalivyonona. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shanga mpaka kidevuni na harufu ya tumbaku. Hakuwa na haraka na kitu chochote duniani.

"Ejok?" akanisalimu.

"Ejok, shangazi."

Akalitazama tumbo langu, akatazama pembeni, akalitazama tena. Akakaa chini, akanyoosha miguu. "Chinja huyo. Nimekula vumbi njia nzima."

Nikachinja. Nilipofungua, ini la yule mbuzi lilikuwa na kifuko cheupe, kikubwa kama yai la bata, kimejaa maji safi kabisa. Tumeviona sana vile. Nikafanya tulivyofanya siku zote: nikakata kile kipande kibaya, nikamrushia Bosi.

Sikumwona shangazi akiinuka. Nilisikia fimbo tu ikipiga ardhi mbele ya pua ya Bosi. Bosi akarudi nyuma. Shangazi akakidunga kile kipande kwa kijiti, akakitia motoni, kikapasuka kwa sauti ndogo.

"Wewe hufanya hivi siku zote?"

"Nifanye nini, shangazi?"

"Kumpa mbwa hii."

"Sasa nile mimi? Kibaya ni cha mbwa."

"Na sufuria yako huoshwa na nani?"

Nikamtazama Bosi. Bosi naye akatazama barabarani, kama mtu asiyetaka kuitwa shahidi.

Shangazi akaja akapiga magoti, akaweka mkono chini ya mbavu zangu za kulia. Akapapasa taratibu, macho yakiwa mbali, vile mtu anavyompapasa mbuzi kujua kama ana mimba.

"Ekiru," akasema, "kitambi hulegea. Hiki kimekaza kama ngoma. Na kimekaa upande mmoja."

Kisha akaniambia habari ya mdogo wake, Nakuwa, ambaye nyumbani nilikuwa nimesikia tu jina lake likitajwa kwa sauti ya chini. Tumbo lake lilikua hivihivi. Kwanza walisema ameshiba. Baadaye wakasema ana mimba, wakangoja mtoto, mtoto hakuja. Mwishowe mtu mmoja akamtoboa kwa chuma cha moto, kisimani.

"Maji yakatoka meupe, mazuri," shangazi akasema. "Tulishangilia, Ekiru. Mimi nilishangilia kushinda wote. Kivuli hakijasogea, mwili wake ukaanza kuvimba, anajikuna, pumzi haipiti. Kichwa chake kilikuwa hapa." Akagusa paja lake. "Maji yale yakimwagikia ndani ni sumu. Miaka ikapita, watu wa afya wakaja Lokitaung na picha zao. Mbuzi mwenye kifuko, mbwa anakila kile kifuko, mnyoo unakua ndani ya mbwa, mbwa analamba mtoto, analamba chombo, na mayai ya mnyoo yanaingia kwa mtu. Wenzangu walikuwa wanashangaa. Mimi mwisho wake nilikuwa naujua. Walinionyesha mwanzo tu."

Ikabidi nimwambie kuhusu yule wa sindano.

Shangazi akatoa tumbaku, akairudisha bila kuweka mdomoni.

"Anataka umlipe nini?"

"Unga. Na sukari kidogo."

"Rahisi," akasema. "Na kaburi tungelichimba wenyewe, bila malipo."

Nikajitetea, maana hata mtu anayekufa hupenda kushinda mabishano. "Shangazi, hospitali itakula mbuzi wote. Mahari je?"

"Unataka kuoa na ini gani? La huyu?" Akaonyesha lile lililokuwa kwenye sinia. "Umesoma shule yote hiyo, bado unasema hospitali ni ya watu wenye pesa. Hospitali ni ya watu wenye ini! Uko nalo, huna?"

"Ninalo."

"Basi kesho unapanda lori."

Kesho yake mtumbuaji wa ngamia alipokuja na sindano yake imefungwa kwenye kitambaa, alimkuta shangazi mlangoni amesimama na fimbo. Sijui walisemezana nini. Niliona tu mgongo wa mtu akienda haraka kuliko ngamia zake.

Safari ya Lodwar sikuiona vizuri. Nilikuwa nimelazwa juu ya magunia, shangazi amenishika tumbo kwa mikono miwili kila penye shimo, kama mwanamke aliyebeba mtungi wa udongo kichwani na hataki umwagike. Mbingu ilikuwa inapita juu yangu, nyeupe, ndefu, bila mwisho. Ndege mmoja alitufuata kitambo, akatuacha. Nilidhani tunakwenda chini ya maji. Sikuwa na hofu tena. Nilikuwa na usingizi mwingi tu, na mikono ya shangazi, mikavu, inanukia tumbaku, ndiyo iliyokuwa ikinizuia nisimwagike duniani.

Hospitalini nilipigwa picha ya tumbo. Daktari, kijana mwenye sauti ya kubembeleza, alinigeuzia kile kioo nione. Palikuwa na kitu cheusi, cha mviringo, kimetulia kama kisima ukichungulia saa sita mchana.

"Hiki umekibeba tangu utotoni," akaniambia. "Kilipokuwa kidogo, huenda vidonge vingetosha. Sasa utameza vidonge, na bado tutakupasua."

"Ningejuaje, daktari?"

"Dispensari ya kwenu ungeenda hata kwa homa tu, wangekupapasa tumbo. Kupapaswa si ghali."

Niliwaza zile homa zangu zote nilizozizima kwa vidonge vya jirani, nikageukia ukuta.

Siku ya kupasuliwa walininusisha dawa, nami nikazama kweli. Nilikuwa Longech, mchanga una joto, na ziwa lilikuwa linarudi nyuma, linarudi nyuma, mpaka likaacha ufuo mpana mkavu na mimi nimelala juu yake, mwepesi. Nilipofungua macho, tumbo lilikuwa bapa chini ya bendeji. Nesi akaniambia maji yaliyotoka yalikuwa safi, ungedhani ya kunywa, na yalijaza beseni. Hebu fikiri. Katika nchi ambayo mama zetu wanafukua mchanga wa mto kwa mikono kutafuta kikombe kimoja, mimi nilikuwa nimeketi dukani nimebeba beseni zima, na watu wananisalimu kwa mikono miwili.

Shangazi alikaa kando ya kitanda siku zote zile. Hakunigombeza tena. Alinitajia tu mbuzi wangu, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. "Yule mweusi wa nyota usoni amekuwa kitanda hiki. Yule mwekundu amekuwa dawa ya usingizi. Yule mama wa mapacha, unamkumbuka? Amekuwa uzi uliokushona." Nililala nikiwasikia wakilia tumboni mwangu, kundi zima. Kuoa nilioa, lakini nilioa nikiwa nimechelewa, na mke wangu mpaka leo akikasirika hunikumbusha kwamba mbuzi wake waliishia tumboni mwangu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikwambii ukimbilie hospitali kila ukipiga chafya, ukamalizie pesa huko. Kubana pesa ni vizuri. Mimi mpaka leo ni mbahili, muulize mke wangu. Hata chumvi hunitazama kwa woga. Lakini jifunze kubana mahali pake. Bana kabla ya ugonjwa, usibane ndani ya ugonjwa. Sabuni kipande kimoja na maji ya kunawa, kabla ya kula na baada ya kumshika mbwa, hiyo ndiyo tiba ya bei ndogo kuliko zote ninazozijua, na ndiyo niliyoiona ghali. Sufuria ioshe wewe. Mbwa mpende, mimi bado ninaye, lakini kila watu wa mifugo wakipita na dawa ya minyoo mpeleke, na kifuko cha maji ukikikuta kwenye ini au mapafu ya mnyama kichome au kifukie ndani kabisa, asikifikie. Mtoto asilambwe uso, hata kama bibi yake anasema wewe mwenyewe ulilambwa ukakua. Mwambie umekutana na mimi.

Na ukihisi kitu mwilini ambacho jana hakikuwepo, nenda mapema, kingali kidogo. Anza na dispensari iliyo karibu, usisubiri mpaka lori likubebe kwenda hospitali kubwa. Wakikuandikia dawa, uliza kwa mfamasia kama ipo ya jina lingine ya bei ndogo inayofanya kazi ileile. Mara nyingi ipo, na kuuliza si aibu. Ukipewa, meza zote mpaka ziishe, hata ukijisikia mzima siku ya pili. Usibakishe za kumpa jirani, wala usipokee alizobakisha yeye, maana homa yako na yake si ndugu. Lala ndani ya neti. Watoto wapate chanjo zao. Ile bima ya afya mnayoipigia kelele, jiandikishe ukiwa mzima unacheka. Mtu akishalazwa hana mkono wa kujaza fomu. Na mtu yeyote anayekuja na sindano yake mfukoni, bei yake hata ikiwa bure, mwonyeshe barabara.

Watu wakikusifu kwa kutoijua hospitali, waache wacheke. Wewe ijue. Ijue kama unavyojua njia ya kwa shangazi, uende, usalimu, utazamwe, urudi mapema jua likiwa bado juu.

Akuj, Mungu wetu, akupe tumbo linalojua njaa na kushiba, lisijue kingine. Akupe usingizi wa pande zote mbili. Watoto wako wakue na nyuso safi, na mahari yao yatembee kwa miguu yao mpaka mlangoni pa wakwe. Ukiugua, uugue kidogo, na upone ukiwa na kitu mkononi. Na uzeeke, mwanangu, uzeeke mpaka vijana wachoke kukusubiri njiani, nawe usiharakishe hatua kwa ajili yao.